Asiambiwe

Kaka yangu anatengeneza miguu. Sisemi viatu wala miguu ya meza. Nasema miguu ya watu, ile ya kuvaa asubuhi na kuvua wakati wa kulala. Ana miaka kumi na minne katika kazi hiyo, kwenye karakana iliyo nyuma ya hospitali, mlango wake ukitazamana na chumba cha kufulia mashuka, na mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina alilopewa. Ni Fundi Miguu. Zamani ukimuuliza leo amebeba mguu wa nani, alikujibu kwamba amebeba miwili, wa kushoto na wa kulia, na yote ni yake. Hajaoa. Akiulizwa husema bado anapima.

Mimi ni mdogo wake wa mwisho. Ananiita Kitinda, kwa kuwa ni kitinda mimba, na nimeanza kuota mvi huku nikiitwa hivyo. Nashona sare za shule sebuleni kwa Mama, cherehani yangu iko chini ya dirisha, kwa hiyo karibu kila jambo la nyumba hii limepita mbele ya macho yangu. Nasema hivi mapema nisije nikajifanya shahidi. Nilikuwa mshirika.

Hospitali ilimpeleka Kaka ng'ambo mwaka mmoja akajifunze mashine mpya za kupimia na kuchongea miguu. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja, na sharti lake halikuwa na kona: ukikatisha masomo umeipoteza, na hospitali haitapewa nyingine. Mama alilia wiki nzima kabla ya safari, kisha siku yenyewe akamsindikiza hadi uwanja wa ndege bila chozi hata moja. Yeye humwita Kaka "baba", maana amebeba jina la babu yetu aliyemzaa Mama. Mbele ya watu wote alimwambia, "Nenda, baba. Huku usiwe na wasiwasi."

Mwezi wa pili niliona Mama anachechemea. Nikamuuliza, akasema ni uzee. Mwezi wa tatu kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa cheusi, na mtu mwenye sukari ya miaka mingi hahitaji kuelezwa maana yake. Mwezi wa nne mguu ukakatwa, chini ya goti. Alipozinduka, kabla hata hajaomba maji, alinitazama mimi na mjomba wetu, ambaye ni kaka yake wa kuzaliwa tumbo moja, akasema neno moja tu.

"Asiambiwe."

Mjomba akamuunga mkono. Alisema mtoto akiambiwa atapanda ndege kesho yake, na mguu hautarudi eti kwa sababu yeye amerudi. Mimi nilisema ni vibaya. Nilisema mara moja, kwa sauti ndogo, na wao walikuwa wawili. Wengi wape.

Kaka alipiga simu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, ile ya kuonana uso kwa uso. Nilimweka Mama kwenye kiti chake, nikamwekea mto mgongoni, nikaishika simu nikamwonyesha kuanzia kifuani kwenda juu. Nikawa mpiga picha hodari. "Habari za huko?" "Nzuri." "Mama hujambo?" "Sijambo, baba, sijui wewe." Anayejua lugha yetu anajua kwamba maneno haya si uongo, na si kweli pia. Mtu wetu akiulizwa habari hujibu nzuri kwanza, hata kama paa linaungua. Habari yenyewe huja baadaye, ikitanguliwa na "ila". Nzuri, ila tumefiwa. Sijambo, ila kichwa kinanisumbua. Anayeuliza huisubiri hiyo ila. Sisi tuliiondoa, basi. Hatukutamka uongo hata mmoja, na tukamdanganya miezi minane.

Simu ikikatika, Mama alikuwa akiutazama upande wa kulia wa kiti na kusema, "Mguu umetangulia mbele ya haki, mwenyewe niko njiani." Nilicheka kila mara, kwa sababu nisingecheka ningefanya nini?

Kaka alirudi siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Tulikuwa tumepanga aambiwe baada ya kula, na Mjomba alikuwa ameandaa hotuba. Mama alikaa kitini, shuka likimfunika kuanzia kiunoni mpaka sakafuni. Kaka aliingia, akaweka sanduku chini, akafungua mikono amkumbatie. Kisha akasimama katikati ya chumba, mikono ikiwa bado wazi. Mtu mwingine angehitaji kuambiwa. Yeye alitazama jinsi shuka lilivyolala upande wa kulia, akajua, na nadhani alijua hata ni sentimita ngapi chini ya goti.

"Lini?"

"Karibu kwanza ukae, baba," Mama akasema.

"Lini?"

"Miezi minane," nikasema mimi.

Alipiga magoti, akafunua shuka, akatazama. Hakuna aliyekumbuka hata kumwambia pole na safari. Mjomba, hotuba imempotea, akashika iliyo fupi kuliko zote. Yeye na Kaka huitana mjomba, kila mmoja kwa mwenzake.

"Yaliyopita si ndwele, mjomba. Tugange yajayo."

"Hii ni ndwele, mjomba," Kaka akasema. "Ndwele yenyewe hii. Imekula mguu."

Akamfunika Mama tena, akachomeka pindo la shuka vizuri kama wafanyavyo wauguzi, akachukua sanduku kwa mkono wa kushoto, akaenda chumbani kwake uani.

Nilimfuata jioni. Alikuwa ameketi kitandani na viatu miguuni.

"Kila Jumapili nilikuuliza Mama hajambo," akasema. "Ukasema hajambo."

"Alikuwa hajambo."

"Bila mguu!"

"Bila mguu, hajambo. Ulitaka nisemeje, Kaka? Mwenyewe amekaa pale, amenikodolea macho, simu ninayo mimi."

"Useme ila, Kitinda. Ila moja tu. Mimi ningemalizia."

Nilikuwa na majibu mengi. Mimi ndiye niliyemwogesha Mama, niliyembeba chooni, niliyelala sakafuni karibu na kitanda chake miezi minane, na huyu aliyetoka kwenye ndege ananipigia kelele za ila. Lakini nilimtazama nikaona amekonda shingoni. Nilirudi kwenye cherehani nikashona kola tatu upande usio wake.

Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nilimpa ufagio. Aliufagia uwanja vizuri, kwa mistari iliyonyooka, bila kumsemesha mtu aliyepita. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba aliyerudi si yule aliyeondoka. Kwetu salamu ni kazi. Unasimama, unauliza habari za nyumbani, za watoto, za tangu juzi. Yeye alisema "habari" akapita, na aliyesalimiwa akabaki na nzuri yake mdomoni. Akisema nitakuja saa kumi, alikuja saa kumi, akamkuta mwenyeji bado anaoga. Alifunga madirisha akidai mtaa una kelele. Mtu akimwambia "karibu chakula" alijibu "hapana, nimeshakula," wakati mtu mwenyewe alikuwa anapita tu na sahani. Na sanduku lilikaa wiki tatu mlangoni kwake bila kufunguliwa.

"Utafungua lini?" nikamuuliza.

"Bado." Kisha akasema jambo ambalo lilinitia huzuni kuliko hasira zake zote. "Kule nilikuwa nahesabu siku za kurudi, Kitinda. Sasa nimerudi, nahesabu nini?"

Kule ndilo neno lililomshika ulimi. Kule watu hupanga foleni. Kule plasta hailowekwi kwenye ndoo ya kupigia deki. Kule mguu unapimwa kwa kamera, unachongwa na mashine, na mgonjwa anaondoka nao kabla chai haijapoa. Karakana yetu ina tanuri moja ambalo mlango wake hufungwa kwa waya, meza mbili, na vigutu vya plasta vimepangwa rafuni kama mikate. Anayeisimamia ni mzee aliyemfundisha Kaka kazi, ambaye kila mtu humwita Mzee Plasta, kwa kuwa hata nyusi zake ni nyeupe kwa vumbi. Mzee alivumilia kule kama ishirini hivi za siku ya kwanza, akamtungia jina: Bwana Kule. Kufika Ijumaa hata walinzi wa getini walikuwa wanalijua.

Jambo lililowashangaza zaidi wagonjwa lilikuwa namba. Kaka aliwauliza maumivu yao ni kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi, akaandika. Bibi mmoja alifikiri sana, akamwambia, "Niandikie tano, mwanangu, na wenzangu nao wapate." Karakana nzima ilicheka. Kaka hakucheka. Aliandika tano.

"Zamani hukuwa unauliza," Mzee Plasta alimwambia. "Ulikuwa unabonyeza huku unatazama uso."

"Kule hatukisii uso wa mtu, Mzee. Tunamuuliza, naye anasema."

"Na watu wa huku wanasema?"

Kaka alimwita mgonjwa aliyefuata. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chakula chake, nikayasikia hayo yote.

Mtaani nako maneno yakaanza. Mama wa Fundi Miguu anatembelea magongo! Walisema mganga hajigangi, na walisema kwa sauti ya kutosha kusikika dirishani. Kaka alikuwa akingoja kibali cha daktari, na kibali kilipotoka kilikuwa na onyo. Daktari alituketisha sisi watatu, Mama, Kaka na mimi, akaeleza taratibu. Kigutu kimepona vizuri, anaweza kuvaa mguu. Lakini ngozi yake ni ya mtu mwenye sukari. Kidonda kikitokea, hata kidogo kama punje, aseme siku hiyo hiyo na avue. Kikiachwa, safari ijayo watakata juu ya goti, na moyo wake wa sasa hauwezi kuahidiwa kwamba utaamka kutoka usingizi mwingine wa namna ile.

"Mama umesikia?" Kaka akauliza.

"Nimesikia, baba."

"Utasema?"

"Nitasema."

Nami nikaamini, mimi niliyemjua.

Mashine ya kupimia bado ilikuwa haijafika, kwa hiyo Kaka aliutengeneza mguu ule kwa njia ya zamani. Alimketisha Mama kwenye kiti kirefu cha karakana, akakivalisha kigutu soksi nyembamba, akaweka alama kwa penseli pale mfupa ulipokaribia ngozi, akazungusha bendeji za plasta zilizolowekwa, akazikanda kwa viganja mpaka zikagumu. Ganda lile alilivua, akalijaza uji wa plasta, akapata kigutu cha pili, cheupe, cha kuwekwa mezani na kusuguliwa kwa tupa. Siku tatu alisugua. Juu ya hicho akavuta plastiki ya kahawia iliyolainishwa ndani ya tanuri, ikapoa ikawa kikombe. Ndivyo mafundi wanavyoiita ile sehemu ya juu inayomeza kigutu. Chini yake akafunga bomba, na chini ya bomba unyayo wa mpira.

Siku ya kuujaribu Mama alisimama kati ya vyuma viwili vya kujishikia. Kaka alikuwa chini, amepiga magoti, karatasi mkononi.

"Hapa mbele, sifuri mpaka kumi?"

"Sifuri, baba."

"Pembeni?"

"Sifuri."

"Nyuma, huku ukingoni?"

"Sifuri kabisa."

Alipangusa ule ukingo wa nyuma kwa kidole, akakirudisha kidole tena pale pale, akasita. Kisha akaandika. Mzee Plasta alikuwa akimtazama Mama usoni. "Kigutu cha sifuri sijapata kukiona," alisema, si kwa mtu yeyote, akaendelea kukoroga plasta yake.

Mama alitembea. Kwanza hatua nne, wiki hiyo hiyo kutoka kiti chake mpaka cherehani yangu, na Jumapili kutoka mlangoni mpaka getini, majirani wamesimama wanapiga makofi, mwingine anapiga vigelegele. Kaka alirudi nyuma mbele yake, mikono tayari, kama mtu anayemfundisha mtoto. Alikuwa anatabasamu. Tangu arudi sikuwa nimeyaona meno yake. Jioni alifungua sanduku, akanipa mkasi wa kitambaa alioniletea, mzuri ajabu, akasema alisahau.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa nafua. Soksi za kigutu ni za pamba nyeupe, na Mama alikuwa amezikunja mwenyewe, moja ndani ya nyingine. Niliona ajabu, kwa kuwa Mama hakunji nguo chafu. Nilizikunjua. Ya ndani ilikuwa na doa nyuma, kubwa kama kifungo cha koti, katikati jekundu na pembeni la njano.

Nilimwendea nayo. Alikuwa kitini, mguu ameuvaa.

"Mama, hii nini?"

Aliitazama soksi, akautazama mlango, akanishika mkono.

"Ni kidogo tu. Kitapona chenyewe."

"Mama, daktari alisema nini?"

"Nilimsikia daktari. Nawe nisikie mimi. Mtoto amefurahi mara moja tu tangu arudi, mara moja! Mguu kautengeneza kwa mkono wake. Leo nimwambie unanichubua? Aende wapi?" Akanibana mkono. "Asiambiwe."

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Ndivyo nilivyosema na mara ya kwanza. Nilirudi kwenye beseni, nikaitazama soksi ikielea, na hasira ikanipanda ambayo sijapata kuiona tena. Ilikuwa hasira juu ya Mama, kwamba anatupenda kwa kujiua. Juu ya Kaka, kwamba anauliza namba. Ila zaidi ilikuwa juu yangu mwenyewe, mwanamke mzima mwenye mvi, ninayesema ndiyo Mama. Sikuisuuza ile soksi. Niliikamua, nikajifunga kitambaa kichwani, nikaenda hospitali kwa miguu, nikapita wodi ya wanaume, nikapita chumba cha kufulia, nikaingia karakana bila hodi.

Kaka alikuwa anasugua plasta. Aliinua uso.

"Kitinda? Kuna nini? Mama hajambo?"

"Hajambo," nikasema. Nikaiweka soksi juu ya meza yake, mbele ya wagonjwa wawili na Mzee Plasta. "Ila."

Aliitazama ile soksi muda mrefu. Nilitegemea apige kelele, na nilikuwa tayari kumpigia zangu. Badala yake aligeuka akamwambia Mzee Plasta maneno machache ambayo sikuyasikia, na Mzee akaitikia kwa kichwa, akamshika bega. Kisha tukarudi nyumbani pamoja. Njia nzima hakutembea mbio kama ilivyokuwa desturi yake mpya.

Mama alipomwona saa saba mchana alishtuka, lakini adabu haikumtoka.

"Karibu, baba. Mbona mapema? Habari za kazi?"

"Nzuri."

Akaketi sakafuni, pale miguuni pake, mguu mmoja wa nyama na mmoja aliouchonga. Nilisimama karibu na cherehani. Nilikuwa nangoja mashtaka.

"Nzuri, ila, Mama," akasema, na akaanza kukunja mkono wa shati, ule wa kulia.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba upande mmoja, na kovu limepanda mpaka juu. Alijaribu kukigeuza kiganja kitazame juu. Kilifika nusu, kikakwama.

"Mwezi wa tatu," akasema. "Kule kulikuwa na barafu kwenye ngazi za nyumba niliyokaa. Nilianguka. Wakanifunga plasta, mimi fundi plasta. Wiki sita. Siku kumi za kwanza nilikuwa chumbani peke yangu, nikawa siisikii sauti yangu ila Jumapili nikiwapigia. Niliishika simu kwa kushoto. Mkauona uso tu."

Mama aliinama akalitazama kovu.

"Nilipopona mkono haukugeuka. Hawakunipa mashine. Nilipewa kuosha ndoo na kufagia, miezi mitano, nikawasogelea wagonjwa mwishoni tu, wiki chache. Yote haya ninayosema, kule hivi, kule vile, mengi niliyaona nikiwa na ufagio. Kila Jumapili mkaniuliza habari za huko, nikasema nzuri." Akaugusa ukingo wa nyuma wa kikombe, juu, nyuma ya goti. "Hapa tupa inabidi igeuke, Mama. Mkono haukugeuka. Niliona hapajakaa sawa. Nikakuuliza, ukasema sifuri, na mimi nikapenda kuamini. Kidonda hicho nimekitia mimi. Nimemwomba Mzee Plasta asugue ukingo huu kesho, nitakuwa namwelekeza."

Nilikuwa nalia, nasema wazi. Nilikumbuka kila Jumapili nilivyoisogeza simu kidogo kushoto, kidogo juu, nikijiona mjanja, kumbe upande wa pili naye anaisogeza yake.

Mama alimwekea mkono kichwani.

"Siku hizo kumi," akauliza, "vifungo vya shati alikuwa anakufungia nani?"

"Hakuna, Mama. Nilikuwa nalala nalo."

"Pole, baba. Pole sana, mwanangu. Pole."

Kisha Kaka akafungua mikanda, akauvua mguu polepole, akavua soksi. Kidonda kilikuwa kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, chekundu, ngozi ya juu tu imetoka. Hakikuwa kimeingia ndani. Alishusha pumzi nikaisikia.

"Kinauma?"

Mama alifungua mdomo. Niliiona sijambo ikimjia, naapa niliiona, na nikamwona anaimeza.

"Kinauma," akasema.

"Umekificha tangu lini?"

"Kipi?" Mama akauliza.

Kaka aliinua macho. Mimi pia nilidhani hakuelewa swali.

"Hiki ni tangu Jumatatu," akasema Mama. "Kile cha kwanza ni tangu wiki ile unafunga sanduku. Nilinunua viatu vya mtumba vya kukusindikizia, nisiende uwanjani na ndara mbele ya wenzako. Vilinibana. Kidole kikachubuka, kikatoa maji. Nilikifunga kitambaa nikavaa soksi, siku ile ya ndege nilikuwa nacho."

Hata mimi sikuwa najua. Miezi minane nimekiosha kigutu kile, mguu nikauzika kwa mawazo yangu, na sikujua kidonda chake kilianzia wapi.

"Ningejua nisingeondoka," Kaka akasema.

"Usingeondoka."

"Ningekupeleka hospitali siku hiyo hiyo. Na mguu..."

"Na mguu ningekuwa nao," Mama akasema. "Najua, baba. Nimelijua hilo kila siku."

Kaka alibaki ameinama, ameushika ule mguu wa plastiki mapajani kwa mikono miwili. Nilidhani atanyanyuka aende uani na asirudi. Baada ya muda alinyoosha mkono bila kugeuka, akaniomba chaki ya kushonea. Nikampa.

"Nionyeshe," akamwambia Mama. "Kila mahali."

Mama akamshika mkono ule mbovu, akaupeleka mwenyewe kwenye ukingo. "Hapa," akasema. Kaka akaweka alama. "Na hapa, nikisimama. Na hapa, nikikaa muda mrefu. Na huku pembeni, baba, toka siku ya kwanza." Aliendelea kuonyesha, naye akaendelea kuweka alama, hana haraka, anamtazama usoni, mpaka plastiki ya kahawia ikajaa chaki pande zote.